Ramani rahisi huzaa jengo ghali

Wawekezaji wadogo wanaojenga maduka au nyumba za kupangisha wamezoea kuulizia bei ya saruji, nondo na mabati kabla ya jambo lingine lolote. Ramani huwa ya mwisho katika hesabu, na mchoraji anayekubali malipo ya chini ndiye hupewa kazi. Kubana matumizi kwa namna hiyo ni kujitafutia hasara, kwani kosa la kwenye kompyuta ya mchoraji huja kulipiwa kwenye kiwanja.

Programu kama AutoCAD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, na Revit, iliyotoka mwaka 2000, zina njia za kuweka kuta, nguzo na madirisha katika mstari mmoja barabara. Ipo amri ya kunasa, inayovuta ncha ya mstari hadi igusane kabisa na ncha au katikati ya mwingine. Katika Revit ipo pia amri ya kulinganisha: mchoraji huchagua kwanza mstari wa kufuatwa, kisha kitu kinachotakiwa kuhama, na akipenda huvifunga kwa kufuli visiachane. Akigeuza utaratibu huo, ukuta uliokuwa sahihi ndio unaohama.

Tatizo ni mchoraji mwenye haraka, anayesogeza vitu kwa kukadiria kwa macho. Kwenye kioo cha kompyuta mistari huonekana imekutana. Lakini ukuta wa mita 30 ukienda upande kwa sehemu moja tu ya kumi ya digrii, mwisho wake huwa umetoka nje ya mstari kwa milimita 52 hivi. Aidha, programu ikipangwa kuonyesha vipimo hadi sentimita tu, chumba cha mita 3.996 husomeka mita 4.00. Vyumba 10 vya namna hiyo vikiwa safu moja, milimita 40 zimepotea bila mtu kuziona.

Wapo wanaodai kwamba fundi mwenye uzi, timazi na pimamaji atarekebisha yote hayo. Ni kweli kwa ukuta wa matofali. Si kweli kwa milango ya chuma, madirisha ya alumini na vyuma vya paa vilivyokatwa karakana kwa vipimo vya ramani. Hapo anayeumia ni mwenye mtaji, au mfanyabiashara anayerudishiwa bidhaa. Kwa aliyejenga kwa mkopo, riba huendelea kuhesabiwa huku kazi imesimama.

Hata wakubwa hawakusalimika. Mwaka 2003, wakati wa ujenzi wa daraja la Laufenburg kwenye mto Rhine, iligundulika kwamba pande mbili hazilingani kwa sentimita 54. Ujerumani hupima kimo kwa kufuata Bahari ya Kaskazini, na Uswisi kwa kufuata Mediterania, tofauti yake ikiwa sentimita 27. Wahandisi waliijua tofauti hiyo, lakini palipotakiwa kutoa pakajumlishwa, nayo ikawa maradufu. Ndivyo inavyokuwa pia msanifu, mhandisi na fundi umeme wanapochora kila mmoja kwa kuanzia nukta yake.

Kwa hiyo, mwenye kujenga anapaswa kuweka masharti matatu katika mkataba. Kwanza, michoro yote ianzie nukta moja na kimo kimoja. Pili, vipimo viandikwe kwa milimita na jumla yake ihakikiwe. Tatu, michoro ya ghorofa zote ilazwe moja juu ya nyingine mbele yake, ili aone nguzo zimesimama juu ya nguzo. Sehemu ya malipo ya mchoraji izuiwe mpaka hayo yatimie.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ulio kwenye ramani huzibwa kwa dakika chache. Ukishamiminiwa zege, huzibwa kwa mtaji.