Laana ya Talai: Mbona Chai Haijakauka?

Majuzi nilikuwa mazishini hapa Kabianga, Kericho. Mhubiri akashika kipaza sauti na kutuamulia chanzo cha shida zetu zote kwa dakika chache. Mvua ya mawe iliyopiga chai juma lile, akasema, haikuja hivi hivi. Vijana wanaokwisha kwa ajali za bodaboda hawafi bure. Bonasi ya chai haikushuka yenyewe. Yote ni laana ya Talai, na tusipofunga, tukaomba na kutoa sadaka ya kuivunja, itatumaliza sisi na wajukuu. Watu wakaitikia amina. Walimu wastaafu, waliofundisha sayansi maisha yao yote, nao wakaitikia amina. Sikusema neno, maana msiba una wenyewe. Hapa gazetini hakuna jeneza, kwa hiyo nitasema.

Kwa asiyetoka huku kwetu: Talai ni ukoo wa orkoiik (mmoja wao huitwa orkoiyot), waonaji na washauri wa vita wa Wanandi na Wakipsigis. Koitalel arap Samoei, aliyewaongoza Wanandi dhidi ya Waingereza hadi Richard Meinertzhagen alipomuua Oktoba 1905, alikuwa wa ukoo huo. Nduguye, Kipchomber arap Koilegen, alikuja kwa Wakipsigis akawa orkoiyot wetu. Mwaka 1914 Waingereza walimkamata, wakampeleka Fort Hall, Murang'a ya leo, na huko ndiko alikofia. Bado hawakuridhika. Mwaka 1934 wakatunga sheria mahsusi ya kuwaondoa Talai wote, na watu wapatao 700, pamoja na vikongwe na watoto wachanga, wakahamishiwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye joto, mbung'o na malaria. Hadithi inasema kwamba walipokuwa wakiondoka waligeuka nyuma na kuilaani nchi pamoja na kila atakayeifaidi.

Nina swali moja tu, na nitaliuliza mpaka nijibiwe. Kama laana hiyo inafanya kazi, mbona chai haijakauka?

Toka mjini Kericho kwa barabara ya Nakuru ufike pale Brooke. Tazama kulia, tazama kushoto. Chai imelala kijani kibichi mpaka macho yachoke, imekatwa sawasawa kama nywele za mtoto anayepelekwa shule. Hayo ndiyo mashamba yaliyochukuliwa na Waingereza kutoka kwa Wakipsigis na Talai. Tangu miaka ya 1920 kampuni zimevuna humo, zimejenga viwanda na nyumba za mameneja zenye bustani za maua. Mwaka 2022 Unilever ilikamilisha kuuza biashara yake ya chai ya duniani, mashamba ya Kericho yakiwemo, kwa euro bilioni 4.5. Nionyesheni laana nyingine inayonunuliwa kwa bei hiyo, nami niende nikalaaniwe.

Aliyelaaniwa ni nani basi? Ni mchumaji aliyepoteza kazi mashine ilipoletwa kufanya kazi ya makumi ya watu, mpaka Mei 2023 watu wakaziteketeza mashine hizo kwa hasira. Ni mwenye nusu ekari anayebeba majani mgongoni hadi kituo cha kununulia, akakuta barabara imekuwa tope na lori la kiwanda halijafika tangu asubuhi. Laana gani hii isiyomjua mwenye shamba, inayomjua mwenye kapu peke yake? Wazee wa Talai, mnaosifiwa kwa kuona mbali, ndio washindwe kulenga shabaha namna hiyo?

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu nimejibiwa hivyo mara nyingi mezani tukinywa mursik. Jibu wanalolipenda ni la kitani. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali iliwagawia maafisa wa jeshi wa Kiingereza waliolemaa ekari zipatazo 25,000 hapa Kericho wapande kitani. Wakapanda, wakafilisika. "Unaona?" huniambia, kidole juu. "Laana!" Jamani. Kitani kilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa sababu bei yake duniani iliporomoka. Laana, kwa hesabu yenu wenyewe, ilitamkwa 1934. Yaani ilitoka 1934 ikarudi nyuma zaidi ya miaka kumi, ikafilisi maafisa wa kitani, halafu ikaipita chai iliyopandwa hapo hapo bila kuigusa hata jani! Mwingine atakwambia ng'ombe wa jirani alikufa baada ya jirani huyo kumtukana mzee wa Talai. Ng'ombe huyo alikufa kwa ndigana. Angeogeshwa dawa ya kupe angekuwa hai.

Tuje kwenye mvua ya mawe, maana hiyo ndiyo iliyompa mhubiri nguvu. Sikatai kwamba inauma. Inapita nusu saa tu, na chai iliyokuwa tayari kuchumwa inabaki imechanika, vichipukizi vimelala chini, na kwa siku kadhaa karani wa kituo hana cha kupima. Lakini ukanda huu wa Kericho na Nandi hutajwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi kuliko zote duniani. Wastani unaotajwa ni siku 132 kwa mwaka. Sababu zake zinaeleweka. Unyevu hutoka Ziwa Victoria, mchana upepo unausukuma kwenye miinuko yetu, mawingu yanapanda mpaka maji yanaganda, na alasiri tunapigwa. Watafiti waliochunguza jambo hili walifikia hata kushuku vumbi la majani makavu ya chai, kwamba linarushwa hewani na kuwa mbegu ya barafu. Miaka ya 1960 baruti zilirushwa mawinguni hapa Kericho kujaribu kuizuia mvua hiyo. Waliolenga walilenga wingu. Hakuna aliyelenga Gwassi.

Ndivyo ilivyo hata kwa ule utabiri maarufu. Tunaambiwa Kimnyole, baba yake Koitalel, aliona nyoka wa chuma atemaye moto akija kutoka baharini kabla reli haijajengwa. Vizuri. Ila Wakikuyu wanasema aliyemwona ni Mugo wa Kibiro. Wakamba wanasema aliyemwona ni Syokimau. Nyoka mmoja, waonaji watatu, na hadithi zote zikanoga baada ya garimoshi kufika ziwani mwaka 1901. Huyo Kimnyole mwenyewe aliuawa kwa marungu na vijana wa Kinandi waliomlaumu kwa maafa na njaa. Hakuwaona wakija?

Nimewagusa wanaoogopa laana, niwaguse na wanaotamani baraka. Juni 2020 William Ruto, wakati huo naibu wa rais, alikwenda Kapsisiywa kwa wazee wa Talai, picha zikaenea nchi nzima. Aprili 2021 Gideon Moi naye alitaka kufika huko, vijana wakafunga njia. Ruto akawa rais, na tangu hapo hakuna wa kumwambia kitu mtu anayeamini kwamba ikulu huanzia Kapsisiywa. Mimi nauliza: kama mzee anaweza kumpa mtu ikulu, mbona hawezi kujipa hati ya ploti? Wazao wa waliorudishwa kutoka Gwassi mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuta ardhi ina wenyewe wapya. Wengi wameishi kama maskwota pembezoni mwa mji wa Kericho tangu hapo. Wanasiasa wanawapigia magoti mchana, na jioni wanarudi Nairobi bila kuacha hata robo ekari.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Hadithi ya laana inamfaa sana aliyenyang'anya. Mkoloni ndiye aliyeigeuza hofu ya watu kuwa sheria ya mwaka 1934, kwamba hawa ni watu wa hatari, wachawi, hawafai kukaa na wenzao. Sisi wenyewe, wajukuu wa waliotawaliwa, tunaikariri makaburini kwa kipaza sauti bila kulipwa. Je, mwizi wa ardhi anatajwa? Hatajwi. Anayetajwa ni aliyeibiwa, tena tunamtolea sadaka asituroge!

Na haishii makaburini. Ninajua kijana wa hapa aliyeleta mchumba nyumbani, msichana msomi, mpole, muuguzi. Wazee wakauliza ukoo wake. Kusikia Talai, chai ikapoa vikombeni. Shangazi mmoja akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa wa kumwangalia. Posa ikafa siku hiyo hiyo, na wale wale wazee Jumapili wanakaa viti vya mbele kanisani wakiimba kwamba damu ya Yesu yatosha. Inatosha kwa nani?

Linganisheni na kampuni zinavyofanya. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliamua kwamba Wakipsigis na Talai walidhulumiwa kihistoria na wanastahili fidia. Kampuni za chai hazikumtafuta mganga, zilitafuta mawakili. Zinajua kilicho na nguvu katika nchi hii: karatasi yenye muhuri. Talai wenyewe wanalijua hilo kutuzidi. Agosti 2022 wawakilishi wao pamoja na wa Wakipsigis walifungua kesi dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwenye laana inayofanya kazi hahitaji wakili wa Ulaya. Naye Mfalme Charles alipozuru Kenya Oktoba 2023 alitaja huzuni na majuto yake makubwa kwa maovu ya ukoloni, akarudi kwao bila kuomba radhi rasmi. Hakuonekana mtu anayeogopa kurogwa.

Kwa hiyo wahubiri, tuacheni. Bonasi ikishuka, waulizeni wakurugenzi wa viwanda kwa nini mkulima wa upande huu wa Bonde la Ufa hulipwa kidogo kuliko wa upande wa mashariki. Vijana wakifa barabarani, waulizeni polisi kuhusu helmeti na leseni. Ninyi wazazi, mwana akileta msichana wa Talai, mpokeeni kama mnavyowapokea wengine. Wanasiasa mnaokwenda Kapsisiywa kutafuta baraka, safari ijayo nendeni na mpimaji wa ardhi. Talai wanatudai haki yao, na deni hilo hulipwa kwa ekari.