Ukitaka sponji ifanane na chuma, ichafue

Ukienda Nairobi Comic Con utakuta vijana wamevaa deraya za mashujaa wa filamu na katuni. Baadhi ukizitazama unaapa ni chuma. Nyingine zinajitangaza kutoka mbali kwamba ni sponji iliyopakwa rangi ya fedha.

Tofauti si pesa, ndugu yangu. Shida ni kwamba wengi wetu tunadhani chuma ni kung'aa. Hebu litazame jembe la nyanya yako. Linang'aa kwenye makali tu, pale udongo unapolisugua. Kwingine ni jeusi, na maji yanapotuama kuna kutu.

Basi fuata hivyo hivyo. Ziba vitundu vya sponji kwa gundi nyeupe, ikauke. Anza na rangi nyeusi. Kisha chovya brashi kwenye rangi ya fedha, ipanguse hadi ikaribie kukauka, uguse kingo peke yake. Mwisho, zimua rangi ya kahawia kwa maji, ipake kwenye mifereji na ufute kwa kitambaa. Kama ni rangi ya kupuliza, fanyia nje, si chumbani unakolala.

Na usikubali kuambiwa huu ni mchezo wa watoto. Kila mwaka shule zinatafuta mavazi ya tamasha la drama. Anayejua kukizeesha kitu kipya ana ujuzi wa kulipwa. Kabla hujaagiza deraya ng'ambo, kalitazame lile jembe tena.