Fedha ya Rangi Ianzie kwenye Mbao



Mavuno yakiisha kuuzwa, na jua la Januari likianza kukausha njia zetu, mafundi wa rangi huanza kupita katika skimu wakitafuta kazi, nao hawakosi. Si jambo baya. Tangu watu walipoanza kugawiwa mashamba ya skimu mwaka 1962, nyumba nzuri imekuwa alama ya kwamba mwenye shamba amekaa na ametulia. Lakini nikitazama jinsi fedha ya rangi inavyotumika, naona kwamba wengi wetu twaanzia mahali pasipofaa. Twapaka ukuta wa tofali ulioelekea barabara ili wapitao wauone, na milango, madirisha na mbao za ukingo wa paa twaziacha zioze.

Maoni yangu ni haya: fedha ya rangi ianzie kwenye mbao. Tofali lililochomwa vizuri halidai rangi. Naomba mnisikilize sababu zangu.

Mbao hunywa maji. Ikilowa hufura, ikikauka husinyaa, na kwa kufura na kusinyaa hupasuka. Maji huingia katika ufa ule, kuvu ikafuata, na ubao ukaanza kuliwa ndani kwa ndani. Tena maji huingia kwa urahisi zaidi mahali palipokatwa kwa msumeno kuliko ubavuni. Ndiyo sababu mlango huanza kuoza chini, karibu na kizingiti. Fundi mwema huutoa mlango kwenye bawaba, akapaka ukingo wa chini na wa juu. Fundi mvivu hupaka mahali jicho linapofika, basi.

Mbao nazo si za namna moja. Mtarakwa una kinga yake ya asili dhidi ya mchwa na kuoza. Hata nguzo zake za ua hudumu miaka mingi ardhini. Mlango wa mtarakwa waweza kupakwa mafuta ya linsidi tu, ukabaki na wekundu wake mzuri. Lakini angalia: vitambaa vilivyolowa mafuta hayo visirundikwe pembeni, maana vyaweza kupata joto na kuwaka moto vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke, au vilowekwe majini. Mbao za paini na saipresi zahitaji kinga zaidi. Zisuguliwe msasa, zipakwe rangi ya msingi, kisha rangi ya mafuta mara mbili. Na vanishi iangazayo iwe ya ndani ya nyumba; nje jua hupita ndani yake, likaharibu ubao ulio chini, na vanishi ikabambuka.

Sasa tofali. Tofali lililoiva hulia kama kengele ukiligonga kwa jingine, na ukilitia majini usiku kucha halimomonyoki. Likilowa kwa mvua, jua hulikausha, na hakuna madhara. Lakini nyumba zetu nyingi zilijengwa bila karatasi ya kuzuia unyevu chini ya ukuta, kwa hiyo maji hupanda kutoka ardhini. Ukiufunika ukuta wa namna hiyo kwa rangi ya mafuta, maji hayapati njia ya kutokea. Husukuma rangi kutoka ndani, ikafanya malengelenge, ikabambuka vipande vipande. Ukisha kupaka tofali rangi huwezi kulirudisha lilivyokuwa. Itakubidi kupaka tena na tena kila baada ya miaka michache. Je, hiyo si kodi uliyojitoza mwenyewe?

Kama tofali zako hazikuiva vizuri, rangi haitazitibu. Afadhali fedha hiyo inunue mfereji wa paa, uzibe viungo vilivyomomonyoka kwa udongo wa saruji na mchanga, au upige plasta. Kuta za plasta ni habari nyingine: hizo zipakwe rangi ya maji, baada ya plasta kukauka yapata wiki nne. Na ukitaka chumba cha tofali kiwe cheupe chenye mwanga, paka chokaa. Chokaa haizibi matundu ya tofali, nayo ni ya bei nafuu.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua nyumba ya urefu wa mita 9 na upana wa mita 6, kuta zake zikiwa na kimo cha mita 2.5, yenye milango miwili na madirisha sita ya mbao. Kuta za nje peke yake, ukitoa milango na madirisha, ni kama mita za mraba 65. Kupaka mara mbili ni mita 130. Lita moja ya rangi hutosha kama mita za mraba 10, kwa hiyo wahitaji lita 13, na zaidi, kwa kuwa tofali hunywa rangi. Hayo ni makopo manne ya lita 4. Milango na madirisha yote, ndani na nje, ni kama mita za mraba 20. Kupaka mara mbili ni mita 40. Kopo moja latosha. Ongeza kopo la rangi ya msingi, na lita moja au mbili kwa ukingo wa paa, bado hujafikia kiasi cha rangi kinachohitajiwa na kuta. Fedha inayobaki yaweza kununua chumvi ya ng'ombe, dawa ya kupe au karo ya mtoto.

Najua wako watakaosema, “Mbona maduka ya sentani yamepakwa rangi yakapendeza?” Ni kweli, lakini mengi yamepakwa na makampuni yanayotangaza bidhaa zao, nayo hurudi kuyapaka kwa gharama yao. Nyumbani kwako hakuna atakayerudi ila wewe na mfuko wako.

Yahusu fundi, nasema hivi. Msimpime kwa kazi aliyoimaliza juma lililopita. Kila rangi mpya hung'aa. Mwulizeni awaonyeshe kazi iliyopitiwa na masika mawili. Kisha fanyeni mambo haya:

1. Mnunue rangi wenyewe dukani, makopo yakiwa yamefungwa na yenye alama ya ubora ya Kenya. Wako wanaozidisha mafuta ya taa ili kopo moja lifanye kazi ya mawili. Rangi hiyo haishiki.

2. Andikeni mapatano, hata kama ni katika daftari la mtoto: mbao zipi zitakwanguliwa, zitapakwa mara ngapi, kazi itakwisha lini, na ujira ni kiasi gani. Mtie sahihi wote wawili. Mali bila daftari hupotea bila habari.

3. Lipeni kwa mafungu matatu: la kwanza mkisha kuona mbao zimekwanguliwa na kusuguliwa vizuri, la pili baada ya kupaka mara ya kwanza, na la mwisho kazi ikikauka. Kazi ya kusugua ndiyo nusu ya kazi yote, nayo ndiyo hurukwa.

4. Msimharakishe. Pale penye umande mwingi, kama Kinangop, mbao hazifai kupakwa asubuhi mapema. Aanze jua likisha kuzikausha, aache kabla ya baridi ya jioni. Naye akitimiza mapatano, mlipeni siku ile ile. Fundi azungushwaye kwa ujira wake hatarudi, na haki ni ya pande zote mbili.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Katika baadhi ya skimu bado yako majumba, ghala na mazizi ya walowezi wa zamani, yaliyopakwa rangi miaka mingi iliyopita. Rangi za zamani huenda zina risasi, ambayo ni sumu. Siku hizi Kenya imeweka kikomo cha risasi katika rangi kuwa sehemu 90 katika milioni, lakini sheria hiyo haiiondoi rangi iliyokwisha kukauka ukutani. Mtoto akila magamba yake au akivuta vumbi lake, risasi hudhuru akili yake, na madhara hayo hayaponyeki. Ndama naye hupenda kulamba mbao, na rangi ya risasi humpofusha na kumwua. Basi rangi ya zamani isichomwe moto wala kusuguliwa ikiwa kavu. Iloweshwe kwanza, ikwanguliwe ikiwa mbichi, magamba yote yaokotwe juu ya karatasi ya nailoni na kufukiwa mbali na kisima na malisho. Watoto na mifugo waondolewe mpaka pafagiliwe kwa maji. Fundi asiyekubali kufanya hivyo, mwache aende zake.

Bwana na Bibi mkulima, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kumwita fundi msimu huu, zunguka nyumba yako ukiwa na kisu kidogo. Choma ubao chini ya kila mlango na kila dirisha. Mahali kisu kinapozama, hapo ndipo panapoidai fedha yako kwanza.