Kocha ataondoka, mutoto atabaki

Kijana aliyeingia chuo kikuu cha West Virginia mwaka 2022, ili asome na acheze basiketi miaka 4, amefundishwa na makocha wakubwa 4. Mwaka wa kwanza ni Bob Huggins. Mwaka wa pili ni Josh Eilert, aliyewekwa kwa muda tu. Mwaka wa tatu ni Darian DeVries, aliyetoka chuo cha Drake, akakaa musimu mumoja, akaenda zake Indiana. Mwaka wa ine ni Ross Hodge, aliyetoka North Texas. Kila mwaka sura mupya, mazoezi mapya, na tena kila mwaka kijana anapaswa kuonyesha upya kama anajua kucheza.

Tunaanza na West Virginia juu ni pale Oscar Tshiebwe, mutoto wa Lubumbashi, alianzia masomo ya chuo kikuu mwaka 2019. Huggins ndiye alimupokea. Kisha Tshiebwe akahamia Kentucky, kwa kocha John Calipari, na mwaka 2022 akachaguliwa kuwa muchezaji bora wa vyuo vikuu vyote vya Marekani, akiwa na wastani wa mipira 15 ya kurudi kila mechi. Tulishangilia wote. Lakini leo ukienda kutafuta wale makocha wawili mahali alipowakuta, hutawapata. Huggins aliondoka West Virginia mwezi wa sita 2023. Calipari aliondoka Kentucky mwezi wa ine 2024, kisha misimu 15.

Hatuandike haya kwa kucheka Wamarekani. Hapa kwetu pia tumezoea kuona kocha wa mupira wa miguu anafukuzwa kisha mechi 3 mbaya. Tunaandika juu ya wazazi. Mu Lubumbashi, mu Goma, mu Bukavu, mu Kinshasa, mutoto akipita metre 2, watu wanaanza kupita nyumbani: fulani anajua kocha kule Marekani, fulani ataleta barua, fulani anasema burse iko tayari. Na mara nyingi jina linalotajwa si la chuo, ni la kocha. «Kocha anamupenda mutoto wako.» Papa, mama, hapo ndipo tunaomba musimame kidogo.

Angalieni namna mambo yalienda mwaka 2024. Mwezi wa tatu, chuo cha SMU, mu muji wa Dallas, kilimufukuza kocha wake Rob Lanier, hata kama alikuwa ameshinda mechi 20. SMU ikamuchukua Andy Enfield, aliyekuwa USC, mu Los Angeles. USC ikabaki bila kocha, ikamuchukua Eric Musselman wa Arkansas. Arkansas ikamuchukua Calipari wa Kentucky. Kentucky ikamuchukua Mark Pope wa BYU. BYU ikaenda kumutafuta Kevin Young, aliyekuwa kocha musaidizi wa Phoenix Suns katika NBA. Kufukuzwa kwa mutu mumoja Dallas kulitikisa ekipe 5, na yote hayo hayakumaliza hata mwezi mumoja.

Nyuma ya kila kocha kulikuwa vijana zaidi ya 10. Mark Pope alipofika Kentucky, karibu ekipe yote ilikuwa imekwisha kutawanyika. Wachezaji 3 walimufuata Calipari kule Arkansas. Wengine walienda kila mutu njia yake. Ndiyo kusema, kocha mumoja akihama, nyumba nzima inahama naye ao inavunjika.

Kuna wanaosema: kocha akishinda, hataondoka. Si kweli. Mwezi wa tatu 2022, chuo kidogo cha Saint Peter's, cha Jersey City, kilishinda Kentucky ya Tshiebwe pointi 85 kwa 79, ijapokuwa Tshiebwe mwenyewe alifunga pointi 30. Saint Peter's ikaendelea mupaka kati ya ekipe 8 za mwisho, jambo ambalo hakuna ekipe ya namba 15 ilikuwa imefanya mbele yake. Siku 3 kisha kushindwa mechi ya mwisho, kocha Shaheen Holloway alikuwa tayari amekubali kazi kwa jirani tajiri, Seton Hall. Wachezaji wake wengi nao wakatafuta vyuo vingine. Kwa hiyo kocha anaondoka akishindwa, na anaondoka akishinda. Pengine anaondoka juu amechoka: Tony Bennett, aliyeipa Virginia ubingwa wa mwaka 2019, alitangaza mwezi wa kumi 2024 kama anaacha, na musimu ulikuwa umebakiza muda usiofika mwezi mumoja uanze. Vijana aliowaita walikuwa wamekwisha kupanga vitabu na viatu.

Sasa tuongee makuta, juu ndipo jambo linaonekana wazi. Kocha mukubwa ana kontra, na kontra ile inamulinda. Mwaka 2024, kama Kentucky ingependa kumufukuza Calipari, ingepaswa kumulipa zaidi ya dola milioni 33. Mwaka 2021, Indiana ilikubali kutoa zaidi ya dola milioni 10 ili Archie Miller aende. Kocha anafukuzwa na anabaki tajiri. Na mutoto? Kwa miaka mingi, mutoto alitia saini barua iliyoitwa National Letter of Intent. Barua ile ilisema waziwazi kama kijana anafunga agano na chuo, hapana na kocha. Ilifutwa mwezi wa kumi 2024, lakini somo lake halijafutwa: kocha anayekuja nyumbani, anakula fufu pamoja na familia, anaita mama «mama», jina lake haliko mu agano la mutoto wenu. Ahadi ni deni, wazee wetu walisema. Lakini lazima ujue ni nani atalipa deni lile.

Tutajibiwa: siku hizi hata wachezaji wana uhuru. Ni kweli. Tangu mwaka 2021 muchezaji anaweza kuhama bila kukaa inje mwaka mumoja, na tangu mwaka 2024 anaweza kuhama hata mara nyingi akiwa anafanya vizuri masomo yake. Kocha akiondoka, sheria inawafungulia wachezaji wake mulango wa siku kadhaa ili watafute pengine. Tshiebwe mwenyewe aliacha West Virginia katikati ya musimu, na ilimuletea heri. Hatukatae hayo.

Lakini mulango uko wazi kwa nani? Kwa yule anayeokota mipira 15 kila mechi, kila chuo kinafungua. Kwa yule anayekaa kwenye benchi, aliyefika na Kiingereza kidogo, ambaye kocha wa zamani alimuchukua kwa sababu aliona kama baada ya miaka 2 atakuwa muzuri, ni nani atafungua? Kocha mupya anakuja na watu wake. Hajamuona kijana akikua, hana deni kwake. Atamuambia kwa heshima: hapa hutacheza, ni vizuri utafute pengine. Mutoto wa Kentucky ao wa Indiana anarudi kwa wazazi kwa gari na anafikiri polepole. Mutoto wetu ana viza ya masomo, na viza ile inaishi tu kama ameandikwa mu chuo na anasoma kikamilifu. Kufanya kazi inje ya chuo hawezi hivi hivi. Hata makuta ambayo wachezaji wanaruhusiwa kupata kupitia jina lao tangu mwaka 2021, kwa mwenye viza ile ni shida kuyagusa akiwa ndani ya Marekani. Uhuru ule ule si sawa kwa wote.

Tuna mufano mwingine, na Wakongomani wote wanaujua. Dikembe Mutombo alifika Georgetown, mu Washington, mwaka 1987, na burse ya serikali ya Marekani, akiwa na wazo la kuwa munganga. Mwaka wa kwanza hakucheza. Kocha John Thompson alikuwa pale tangu 1972, na alibaki mupaka 1999. Mu bilo yake aliweka mupira usio na pumzi, ili kijana anayeingia ajiulize: siku pumzi itatoka, utabaki na nini? Mutombo alitoka mwaka 1991 na diplome, kisha akaingia NBA, kisha akajengea Kinshasa hospitali yenye jina la mama yake, iliyofunguliwa mwaka 2007.

Watu wanasema Mutombo alikuwa na bahati ya kupata Thompson. Siye tunasema alikuwa na bahati mbili: alipata kocha aliyebaki, na alikuwa ameingia chuo kwa mulango wa masomo. Hata kama Thompson angeondoka mwaka 1989, burse ya Mutombo haikutoka mukononi mwa Thompson. Na Georgetown yenyewe leo ni kama wengine: Patrick Ewing, muchezaji mukubwa kuliko wote wa historia yake, aliondolewa mwezi wa tatu 2023, kisha misimu miwili ambayo ekipe ilishinda mechi 2 tu kati ya 39 za ligi yake, Big East. Hatuseme walikosea. Chuo kina haki ya kubadilisha kocha. Tunasema tu kama makocha wa kubaki miaka 27 ni wachache, na muzazi asitume mutoto akitegemea kumupata mumoja wao.

Kwa hiyo, mbele ya kutia saini, muulize maulizo 4, na majibu yaandikwe. Burse ni ya mwaka mumoja mumoja, ao ni mupaka diplome? Kocha akiondoka kesho, burse inabaki ao hapana? Mbali na kocha, ni nani mu chuo anajua jina la mutoto wetu: mwalimu gani, bilo gani ya wanafunzi wageni? Na kama asipocheza tena hata dakika moja, kile atakachosoma pale kitamufaa? Yule anayewaletea barua, akikasirika juu ya maulizo haya, basi mumekwisha kupata jibu.

Kwa viongozi wetu pia tuna neno. Shirikisho la basiketi na wizara ya michezo wanapenda kupiga picha na kijana aliyefaulu. Waandike basi majina ya wote wanaoondoka, na chuo wanachoenda, ili siku kocha amefukuzwa, kuwe simu moja Kinshasa ya kuuliza: mutoto wetu yuko wapi? Kazi ile haiombe makuta mingi. Inaomba daftari na mutu anayelifungua.

Mwezi wa tatu ukirudi, makocha watahama tena. Magazeti ya kule yatahesabu mamilioni yao, na kila mumoja atapata nyumba mupya na kontra mupya. Siye tuhesabu watoto. Muzazi anayechagua chuo juu ya kocha, amechagua mutu mwenye sanduku karibu na mulango. Achague chuo juu ya diplome, na kocha akiondoka, mutoto atakuwa bado na kiti chake darasani.