Ustadh ana digrii, mbona shule haimchukui?

Kila Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) inapotangaza nafasi, barazani huwa ni yale yale: walimu wanaletwa kutoka bara, vijana wetu wamekaa. Malalamiko hayo yana ukweli wake. Lakini upo upande tusiopenda kuutaja, nao ni vyeti.

Chukua kijana aliyerudi kutoka Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina na digrii ya sharia. Mtaani ni ustadh, khutba anatoa, darsa anasomesha. Shule ya upili jirani inatafuta mwalimu wa IRE, naye haruhusiwi kushika chaki. Si chuki. Sheria ya TSC ya 2012 inakataza mtu kufundisha bila kusajiliwa, na kulijua somo ni jambo moja, kufunzwa ualimu ni jingine.

Njia ipo. Mwenye digrii isiyo ya ualimu husoma diploma ya uzamili ya elimu, takriban mwaka mmoja, pamoja na mazoezi ya kufundisha. Digrii ya nje nayo ni lazima itambuliwe rasmi nchini. Baada ya hapo ndipo aombe kusajiliwa.

Kikwazo kikubwa kiko nyuma zaidi. Kwa mwalimu wa sekondari, TSC inataka C+ ya jumla katika KCSE, na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Aliyeacha shule kidato cha pili akaenda kusoma dini hana cha kuonyesha, hata awe alim wa namna gani. Hata Kiswahili tulichozaliwa nacho hatukifundishi bila alama hizo.

Kwa hivyo mzazi asimtoe mtoto shule kwa ajili ya chuo. Asome vyote viwili. Aliyekosa alama bado anaweza kurudia KCSE akiwa mtahiniwa wa kibinafsi.

Usajili si ajira. Wapo maelfu waliosajiliwa wanaosubiri. Lakini asiyesajiliwa hata kwenye foleni hayumo, na tukienda kuidai TSC nafasi zetu, tutadai kwa majina gani?

Tunachangia ujenzi wa misikiti, na ni jambo la kheri. Kumlipia ustadh mmoja karo ya mwaka huo mmoja nako ni sadaka. Akiajiriwa, watoto wetu watanufaika naye mpaka astaafu.