Diski za Picha Ang'avu: Je, Kaya ya Kagerankanda Inazihitaji?

Katika nyanda za juu za Kigoma, maharage na mahindi yakishauzwa ndipo kaya nyingi hufanya manunuzi makubwa ya mwaka. Mabati hutangulia, kisha mahitaji ya shule, na baada ya hayo, ikiwa kimesalia kitu, huja mazungumzo ya vyombo vya starehe. Vyombo vilivyokwisha kutumika Ulaya na katika nchi za Ghuba hufika Kariakoo, na kutoka Kariakoo husafiri kwa mabasi hadi Kibondo na Kasulu. Ndugu walioko mbali nao hupenda kutuma zawadi. Kwa njia hiyo mwenye nyumba wa Kagerankanda, wilayani Kasulu, aweza kujikuta anatakiwa kuamua kama aiweke kando deki yake ya DVD na kutafuta ile ya Blu-ray, isomayo diski za picha ang'avu.

Jibu ni kwamba asihangaike nayo. Lakini zenye faida hasa ni sababu za jibu hilo, kwa kuwa anayezielewa ataweza pia kulijibu swali la televisheni za 4K, ambalo wenye maduka wamekwisha kumwandalia.

Diski zote tatu zijulikanazo, yaani VCD, DVD na Blu-ray, zina kipenyo kimoja cha sentimita 12. Zote husomwa kwa mwali wa leza unaopita juu ya vishimo vidogo mno, vilivyopangwa katika mstari mmoja unaozunguka kama kikapu kinachosukwa kuanzia kitako. Tofauti iko katika wembamba wa mwali. Leza isomayo VCD ina wimbi lenye urefu wa nanomita 780; ya DVD, ambayo ni nyekundu, ni nanomita 650; ya Blu-ray, ambayo ni ya urujuani ukaribiao buluu, ni nanomita 405. Kadiri wimbi lilivyo fupi ndivyo mwali unavyoweza kukusanywa mahali padogo zaidi, na ndivyo mizunguko ya vishimo inavyoweza kusogezwa karibu: mikromita 1.6 katika VCD, 0.74 katika DVD, na 0.32 katika Blu-ray. Ndiyo maana VCD hubeba megabaiti 700 hivi, DVD ya tabaka moja gigabaiti 4.7, na Blu-ray ya tabaka moja gigabaiti 25. Mwanga huo wa buluu ulichukua miaka mingi kupatikana. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliozaliwa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi yao juu ya taa ndogo za rangi hiyo.

Nafasi iliyopatikana hutumika kuongeza mistari ya picha. Katika mfumo wa PAL uliozoeleka Tanzania, VCD ina mistari 288 kutoka juu hadi chini, na DVD ina mistari 576. Blu-ray ina 1080. Muuzaji hutaja tarakimu hizo tatu, akanyamaza. Hapo ndipo hesabu yenyewe inapoanza.

Jicho lenye afya hutenganisha nukta mbili endapo pembe iliyo kati yake haipungui sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa umbali wa mita 3, kipimo hicho ni sawa na takriban milimita 0.9: vitu viwili vilivyo karibu kuliko hapo huonekana kuwa kimoja. Ichukuliwe basi televisheni bapa ya inchi 32, ambayo kioo chake kina kimo cha sentimita 40 hivi. Mistari 288 ya VCD ikitandazwa juu ya kimo hicho, kila mmoja utakuwa na upana wa milimita 1.4, na mtazamaji aketiye mita 3 kutoka kwenye kioo ataona dhahiri kwamba picha ni ya kukwaruza. Mstari wa DVD utakuwa na milimita 0.7, nao tayari ni mwembamba kuliko jicho liwezavyo kutenganisha. Wa Blu-ray utakuwa na chini ya milimita 0.4. Uzuri ulioongezwa upo kweli juu ya kioo, lakini haufiki machoni.

Ili mtazamaji afaidi mistari yote 1080 ya kioo hicho, yampasa aketi umbali wa mita 1.3 hivi. Katika chumba ambamo hukaa baba, mama, watoto sita na majirani wawili waliokuja kutazama mpira, wanaoweza kupata nafasi hiyo ni watoto wawili watatu walioketi sakafuni, nao kwa kawaida ndio wanaoambiwa warudi nyuma. Haina maana kwamba Blu-ray haina ubora mwingine wowote. Picha yake haikubanwa sana, na rangi zake hukaa vizuri zaidi. Hata hivyo, hatua iliyoonekana wazi machoni mwa watu ilikuwa ile ya kutoka VCD kwenda DVD, na kaya nyingi zimekwisha kuipiga. Mwenye televisheni ya chogo asijisumbue kabisa, kwani kioo chake hakina uwezo wa kuonyesha mistari hiyo.

Jicho si kizuizi pekee. Picha husafiri kupitia vyombo kadhaa, na hufika ikiwa na ubora wa kile kilicho dhaifu kuliko vyote. Zile waya tatu za njano, nyekundu na nyeupe, zilizozoeleka katika deki zote za zamani, hubeba picha ya kawaida tu. Deki ya Blu-ray ikiunganishwa kwa waya ya njano haitoi zaidi ya deki ya DVD. Picha ang'avu huhitaji waya wa HDMI. Halafu kuna mipaka iliyowekwa na watengenezaji kwa ajili ya biashara yao: dunia imegawanywa katika kanda, na Afrika iko katika kanda B ya Blu-ray wakati Marekani iko kanda A. Ndugu aliyeko Chicago akituma deki nzuri kwa moyo mweupe, huenda ikazikataa diski zilizonunuliwa Dar es Salaam.

Lakini udhaifu mkubwa kuliko wote uko katika diski zenyewe. Katika magulio, diski inayotafutwa sana ni ile ya sinema nyingi kwa pamoja, 10 au hata 20, huku jalada likiwa na herufi HD zilizoandikwa kwa rangi ya dhahabu. DVD ya matabaka mawili hubeba gigabaiti 8.5. Zikigawanywa kwa sinema 20, kila sinema hupata megabaiti 425 tu, ilhali sinema moja iliyotolewa na mtengenezaji mwaminifu huweza kuijaza diski nzima. Kubana huko kuna kanuni yake: badala ya kuhifadhi kila picha kamili, programu huhifadhi hasa yale yaliyobadilika kutoka picha moja hadi nyingine. Mtu akizungumza akiwa ameketi, mabadiliko ni machache na hila hiyo haionekani. Vikianza vita, au mvua ikinyesha, au umati ukikimbia, mabadiliko huwa mengi kuliko nafasi iliyopo, na picha huvunjika vipande vya miraba. Hakuna deki wala televisheni iwezayo kurudisha kilichokwisha kutupwa. Herufi za dhahabu kwenye jalada hilo ni uongo mtupu, na anayepunjwa nazo ni mnunuzi asiye na fedha za kupoteza.

Yafaa kuulizwa pia kama sinema zinazopendwa na kaya hiyo zimetolewa katika diski za picha ang'avu. Sinema za Kiswahili za enzi ya Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, zilisambazwa kwa VCD na DVD, nazo ndizo ambazo kina mama wa Kasulu wangali wanaziulizia. Siku hizi, badala ya diski, vijana hupeleka flashi au memori kadi kwenye kibanda cha simu wakawekewa sinema kadhaa, na televisheni huzisoma moja kwa moja. Viwanda navyo vinaondoka. Toshiba iliiacha HD DVD, mshindani wa Blu-ray, Februari 2008. Samsung ilitangaza mwaka 2019 kwamba haitaleta tena deki mpya za Blu-ray Marekani. Sony ilikoma kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia Februari 2025. Anayenunua leo ananunua chombo ambacho kifaa chake cha kusomea kikichakaa, fundi wa Kasulu hatakuwa na kingine cha kuweka.

Mwenye kibanda umiza yuko katika hali tofauti, na haki yake isemwe. Akitumia projekta kutupa picha yenye kimo cha mita 1.5 ukutani, na wateja wakiketi mita 4 kutoka hapo, mistari ya DVD itakuwa na upana wa milimita 2.6, na macho yatayaona mapengo. Kwake picha ang'avu ina maana, mradi apate nakala zilizo ang'avu kweli na zenye kibali cha wenye mali.

Kwa kaya ya kawaida, fedha zilezile zina kazi nyingine ya haraka zaidi. Mji wa Kasulu uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli hadi ulipounganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, na kaya nyingi za vijijini bado zategemea sola. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 100 ina saa-wati 1,200, lakini betri ya risasi na asidi haifai kutumiwa kupita nusu ya uwezo wake, la sivyo hufa mapema. Nusu hiyo huendesha televisheni bapa ya wati 50 pamoja na deki ya wati 10 kwa saa 10. Televisheni ya chogo ya wati 80, ikiongezewa deki na umeme upotevao katika inveta, huimaliza kwa saa sita hivi. Kwa hiyo mwenye chogo akibadilisha kioo kwanza, hupata picha bora na saa nne za ziada, hata kama deki ni ileile.

Baada ya kioo, spika. Jambo hili halitajwi sana na wauzaji wa picha ang'avu, nalo ndilo kubwa. Spika za televisheni bapa ni dhaifu kwa sababu sanduku lake ni jembamba. Na katika nyanda za Kigoma, ambako msimu wa mvua huanza yapata Oktoba ukaendelea hadi Mei, mvua ipigapo juu ya bati hufunika kila neno. Mtazamaji asiyesikia maneno amepoteza zaidi ya yule aliyekosa mistari 504.

Historia ya sinema katika nchi hii inaunga mkono mpangilio huo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, ulioshirikiana na serikali za kikoloni, wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika uliwekwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Picha zilikuwa juu ya ukanda wa filamu, na sauti ilikuwa katika santuri, peke yake, ili filamu moja iweze kusemewa kwa lugha mbalimbali. Diski, basi, iliingia katika sinema ya Tanganyika kama chombo cha lugha. Miaka mingi baadaye, Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kuzisimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili, naye hakuongeza hata mstari mmoja katika picha. Nakala alizozisemea zilikuwa hafifu, na watu walizitafuta.

Kuna picha moja tu ambayo kaya ya Kagerankanda ingekuwa na sababu ya kugharamia ubora wake, nayo haiuzwi dukani. Ni ukanda wa harusi ya wazazi, kipaimara cha mtoto wa kwanza, au hotuba ya babu aliyekwisha kufariki, vilivyorekodiwa kwa VHS au kuchomwa katika CD na mpiga picha wa mjini. Diski iliyochapwa kiwandani ina vishimo halisi. Iliyochomwa ina alama juu ya tabaka la rangi, na rangi hiyo huharibiwa na jua na joto. VHS nazo zinakosa deki: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, ilikoma Julai 2016. Sinema ya Marekani itatolewa tena na tena kwa kila aina ya chombo kitakachobuniwa, lakini harusi ya Kagerankanda ina nakala moja, iliyo juu ya kabati, mahali jua la saa kumi linapoingilia.

Anayetaka kuihamisha asingoje, maana deki za VHS zinazofanya kazi hupungua kila mwaka. Ukanda wenye alama nyeupe za ukungu usitiwe ndani ya deki kabla ya kukaushwa na kusafishwa na fundi, kwani huchafua vichwa vya deki na kuambukiza kanda nyingine. Diski ifutwe kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha. Nakala ziwe mbili, moja katika hadi ya kompyuta na nyingine katika flashi. Flashi isiachwe kabatini miaka mitano bila kuchomekwa, kwa sababu chaji zinazoshika kumbukumbu ndani yake huvuja polepole. Nakala mojawapo ipelekwe kwa ndugu wa Kibondo, ili moto au mvua ya nyumba moja isizichukue zote.