Kumfungulia Kuku Mlango Hakutoshi

Toleo hili tumeliweka kwa ajili ya ufugaji huria, jambo ambalo watu wa Kwale, pwani ya Kenya, hawakulisoma katika kitabu. Alfajiri banda hufunguliwa. Tetea akatoka na vifaranga wake, akachakura chini ya minazi na miembe, akajigaragaza mchangani, na magharibi akarudi mwenyewe kulala. Hivyo ndivyo kuku wanavyofugwa Msambweni, Matuga na Kinango tangu enzi za mababu. Na ndiyo sababu mnunuzi wa Ukunda au Diani hukubali kumlipia kuku wa kienyeji bei inayopita ya broila.

Sifa hiyo ni ya haki, lakini imetulevya. Kumfungulia mnyama mlango ni nusu tu ya wajibu. Nusu ya pili ni kumkinga na maradhi, kumpa maji na kivuli, kumsafirisha bila kumtesa na kumchinja kwa huruma. Hiyo ndiyo tuliyoiacha, na hiyo ndiyo tunayoidai katika kurasa hizi.

Mwaka 1965, nchini Uingereza, kamati iliyoongozwa na Profesa Brambell ilichunguza ufugaji wa kisasa wa kuwafungia wanyama ndani. Kutokana na kazi yake zilizaliwa kanuni tano zinazofuatwa leo duniani: mnyama asipate njaa wala kiu, apate mahali pa kujistiri, akingwe na maumivu, majeraha na maradhi, aachiwe aishi kwa tabia ya aina yake, na asitiwe hofu. Tangu Januari 2012 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku vizimba vitupu vya nyaya, ambamo kuku wa mayai alitengewa sentimita za mraba 550, nafasi isiyofika hata karatasi moja ya A4. Vizimba vya namna hiyo sasa vinauzwa Kenya kwa jina la maendeleo. Mfugaji wa Kwale asidanganyike akauziwa kile ambacho wengine wamekwisha kukikataa.

Lakini tukijipima kwa kanuni hizo hizo, sisi nasi tumefaulu vizuri katika moja tu: kuku wetu anaishi maisha ya kuku. Ugonjwa wa kideri ukiingia kijijini, kuku wa mji mzima huteketea kwa siku chache, huku wenyewe wakitazama na kusema ni msimu wake. Chanjo ipo, na hutengenezwa papa hapa Kenya. Ni tone moja jichoni, linalorudiwa kila baada ya miezi michache. Kinachowashinda wengi ni kwamba chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ikishachanganywa haikai. Dawa ya hilo ni majirani kukubaliana siku, kuchanga na kuchanja kwa pamoja.

Ng'ombe naye ana yake. Anayelishwa kandokando ya Shimba Hills huumwa na mbung'o na kupata ugonjwa wa nagana, akakonda huku malisho yapo. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, waligundua kwamba mbung'o humkwepa kuro, mnyama wa mwituni, kwa harufu yake. Wakatengeneza kola yenye harufu inayofanana na hiyo, wakawavalisha ng'ombe wa Shimba Hills, na matokeo waliyoyatangaza mwaka 2017 yalionyesha maradhi yamepungua sana. Ng'ombe waliendelea kwenda machungani kama kawaida, ila safari hii walikwenda na kinga. Kwa upande wa Kinango na Lunga Lunga, ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, ulitufunza kuwa malisho huru bila maji ni njaa ya wazi.

Baya zaidi ni safari ya mwisho. Simama kando ya barabara ya Likoni na Lunga Lunga siku ya soko, utawaona: kuku wamefungwa miguu mafungu mafungu, wananing'inia kwenye usukani wa bodaboda vichwa chini, midomo wazi kwa joto. Kuku hana kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Akigeuzwa kichwa chini, matumbo humlemea, na kupumua kukawa kazi. Mbuzi naye hufungwa miguu yote minne akapakiwa juu ya matatu, juani. Mnyama aliyelelewa kwa uhuru miezi sita huteswa siku nzima kabla ya kisu.

Hatuna udhuru. Dini ya Kiislamu, inayofuatwa na wengi wa Kwale, inaamuru kisu kinolewe vizuri na mnyama apumzishwe, tena kisinolewe mbele ya macho yake. Anayemning'iniza kuku kutwa kisha akamchinja kwa bismillahi ametimiza sharti moja na kulivunja jingine. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumbeba mnyama kwa namna inayomtesa bila sababu. Nayo Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti maslahi ya wanyama, udhibiti wa maradhi ya mifugo, masoko ya mifugo na machinjio. Basi kazi hii iko Kwale, haihitaji kungoja Nairobi.

Tunaitaka serikali ya kaunti ipange siku za chanjo kijiji kwa kijiji, iweke maji na kivuli katika kila soko la mifugo, na isimamie sheria ya usafirishaji. Tunawataka wachuuzi warudie tenga la kubebea kuku; ni chombo rahisi, na wasukaji wapo. Na hoteli za Diani zinazompa mgeni kuku wa kienyeji zina nguvu kuliko wote, kwa sababu ndizo zenye pesa. Kabla ya kulipa, ziulize mambo mawili: kuku huyu alichanjwa lini, na amefikaje hapa? Asiye na jibu asinunuliwe, na mwenye jibu zuri alipwe zaidi.